Mwezi Uliolipwa Mapema

Tangu Jumatatu yule fundi lifti alikuwa hakaliki. Akiketi, anainuka. Akiinuka, anakwenda dirishani, anatazama barabara ambayo ameitazama miaka tisa, anarudi, anafungua jokofu, analifunga bila kutoa kitu. Mkewe, Mama Pacha, alimwambia mara mbili atulie, chumba chenyewe hakina nafasi ya watu kupishana, na mara ya tatu akamuuliza kama ana minyoo. Mabinti zao pacha, waliokuwa mezani na kazi za shule, wakacheka mpaka wakaharibu hesabu.

Kisa chenyewe, jamani, ni hiki. Mwenye nyumba alikuwa anauza. Kuna daktari wa meno aliyeitaka ile nyumba ya vyumba viwili aigeuze kliniki, tena fedha anazo mkononi. Lakini mwenye nyumba, kwa kuwaheshimu wapangaji wake, akawapa wao nafasi ya kwanza mpaka mwisho wa mwezi. Mama Pacha ni muuguzi, na akiamua jambo limeamuliwa. Akaenda benki siku hiyo hiyo, na sare yake ya kazi mwilini. Wakamwambia mishahara miwili ikiunganishwa inatosha: mkopo wa miaka kumi na mitano, Ijumaa waje wote. Halafu afisa mikopo akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekuuliza kama utakunywa maji, kwamba kabla ya hapo watavuta taarifa za mikopo za mke na mume.

Hapo ndipo fundi alipopata ugonjwa wa kusimama.

Maana alikuwa na lake moyoni. Miaka mitatu nyuma alikopa kwa siri, kwa ajili ya mdogo wake. Huyo mdogo wake ukoo mzima unamwita Mkurugenzi, kwa sababu alichapisha kadi zenye cheo hicho kabla hajapata hata meza ya kuziwekea. Safari hiyo ilikuwa biashara ya pampu za maji. Mama Pacha alikwisha kusema, tena mbele ya mama mkwe wake, kwamba senti ya nyumba yake haitaingia tena mfukoni mwa shemeji yake. Fundi akaitikia kwa kichwa, na wiki hiyo hiyo akaenda kukopa. Mwanamume mzima na ndevu zake! Pampu zikala hasara, Mkurugenzi akahamia kwenye wazo jingine, na deni likabaki na mwenye saini.

Miezi mitatu ikapita hajalipa kitu. Kampuni ya mikopo ilipompigia simu, alijifungia kwenye chumba cha mitambo, juu kabisa ya jengo alilokuwa akitengeneza lifti yake, akazungumza nao amechuchumaa. Wakakubaliana alipe nusu ya rejesho kila mwezi mpaka deni liishe. "Ukilipa hivi bila kukosa, hakuna atakayekusumbua," akaambiwa. Naye akalipa. Jumapili alikwenda kufunga mageti ya umeme kwenye nyumba za watu, nyumbani akidai ameitwa kwenye lifti ya ile hoteli kubwa, na kwa uongo wake ile lifti ilikuwa imeharibika mara hamsini. Deni lilikuwa limekwisha miezi minne iliyopita, na barua ya kumaliza anayo. Basi kinachomwasha ni nini? Mwenyewe alijiuliza hivyo, asipate jibu la kumkalisha kitako.

Jumatano akaomba ruhusa kazini, akaenda ofisi ya taarifa za mikopo alione faili lake kabla benki haijaliona. Dirishani alikuwapo dada mmoja mwenye miwani, mpole, wa kuzungumza taratibu. Akachapa kurasa mbili, akazigeuza upande wa fundi. Kila mwezi ulikuwa na kijisanduku chake. Vitatu vya mwanzo vyekundu. Vilivyofuata vya njano, kimoja baada ya kingine. Kisha, kwenye mwezi wa saba wa mwaka wa pili, kimoja cheusi, na pembeni yake maneno: mpango umevunjwa, mkopo umeshindikana.

"Hii nini, dada?"

"Maana yake ulishindwa kulipa, baba."

"Nimelipa wote. Barua hii hapa."

"Naiona. Na hapa chini pameandikwa umelipwa wote. Ila umelipwa baada ya kushindikana. Anayesoma atayaona yote mawili." Akaweka kidole kwenye kile cheusi. "Mwezi wa saba hukulipa."

"Mwezi wa saba nililipa mwezi wa sita," akasema fundi.

Dada akavua miwani akamtazama.

Ngoja nieleze, maana kosa hili lingeweza kufanywa na fundi lifti peke yake. Kila lifti ina daftari lake limetundikwa kwenye chumba cha mitambo, mstari mmoja kwa kila mwezi. Fundi akitaka kusafiri, anafanya ukaguzi wa mwezi huu na wa mwezi ujao kwa mpigo, anasaini mistari miwili, anaondoka zake na hakuna anayemuuliza. Lifti haijui tarehe. Mwaka ule, mwezi wa saba, fundi alipelekwa mji mwingine wiki tano kufunga lifti za jengo jipya. Kwa hiyo mwezi wa sita alipeleka nusu mbili pamoja, akasafiri roho nyeupe, tena akijiona mtu mwaminifu kuliko wakopaji wote wa dunia.

"Mfumo haufanyi hivyo, baba," akasema dada. "Mwezi wa sita umeona umelipa zaidi, ukapunguza deni. Mwezi wa saba ukasubiri nusu yako. Haikuja. Makubaliano yakaishia hapo, wewe ukaendelea kulipia makubaliano ambayo hayapo."

"Hakuna aliyeniambia."

"Walituma barua mbili. Kwenye anwani uliyowapa."

Anwani aliyowapa ilikuwa ya Mkurugenzi, ili barua zisifike mikononi mwa Mama Pacha. Na Mkurugenzi alikuwa amehama mara tatu. Fundi akashika ukingo wa dirisha.

Akauliza doa hilo litakaa muda gani. Miaka sita, tangu siku ya kushindikana. Akauliza kama haliwezi kufutwa. Anaweza kupinga, akaambiwa, na kampuni ina siku thelathini za kujibu. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Na hata wakikubali kuuondoa huo weusi," dada akasema, kwa huruma iliyozidi kumuumiza, "hizo njano zitabaki. Mlikubaliana ulipe nusu, na faili linasema mlikubaliana. Lakini nusu ni nusu. Unachoweza kufanya leo ni kuandika maelezo yako, maneno mia moja. Kila atakayefungua faili atayasoma."

Akampa fomu. Fundi akaketi kwenye benchi, akainuka, akaketi tena. Akaandika: "Mkopo huu niliuchukua kwa ajili ya." Kalamu ikagoma hapo. Atakayesoma ni benki, na benki itakuwa imemkalisha Mama Pacha kwenye kiti cha pili. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akatoka bila kuaga.

Alhamisi nzima alitafuta upenyo. Jioni akajaribu kuiponda nyumba. Akasema ukuta wa chumbani una unyevu. Akasema barabara ina kelele, na vyumba viwili kwa mabinti wanaokua ni utani. Mama Pacha alikuwa akipiga pasi sare yake.

"Miaka tisa hukuuona huo unyevu," akasema. "Sema unachotaka kusema."

Akasema, amesimama, mgongo mlangoni kama mtu atakayekimbia. Akasema yote: pampu, simu ya chumba cha mitambo, nusu mbili za mwezi wa sita, anwani. Mama Pacha akazima pasi. Fundi alikuwa amejiandaa kwa makelele, na makelele hayakuja, akabaki hajui aiweke wapi mikono yake.

"Jumapili zote zile," akasema Mama Pacha.

"Nilikuwa nafunga mageti."

"Mwaka juzi nilikuletea chakula pale hotelini. Mlinzi akaniambia hujaonekana tangu mvua zianze." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nikala kile chakula njiani peke yangu. Nikadhani ni mwanamke. Miaka miwili, Baba Pacha, nimelala hapo nikidhani ni mwanamke, nikajizoeza, kwa sababu ya watoto. Leo unaniambia ni pampu."

Hapo fundi akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake. Kwa sekunde moja alikuwa amefurahi kwamba si mwanamke, kwamba kosa lake ni dogo. Kisha akaiona ile miaka miwili kwa upande wa mkewe, usiku mmoja mmoja, furaha ikamkauka. Akasema nisamehe. Mama Pacha akamwambia akalale, kesho kuna benki.

Ijumaa walikwenda pamoja. Kabla afisa hajafungua kompyuta, Mama Pacha akamwambia: "Jina la mume wangu litoe. Nakopa peke yangu." Afisa akahesabu upya. Kwa mshahara mmoja, mkopo ule ule ungelipwa kwa miaka ishirini na miwili, mpaka mwaka atakaostaafu, na riba yake ukiisikia unaomba kiti. Mama Pacha akasema sawa. Kisha fundi akapewa fomu yake, ya mtu mzima anayeishi kwenye nyumba isiyo yake, kwamba hana na hatadai haki yoyote humo. Akasaini. Afisa akamshukuru kwa ushirikiano wake.

Nje fundi akasema, haraka haraka, kwamba mzigo hataubeba peke yake, kila mwezi atatoa nusu ya rejesho, tena zaidi ya nusu.

"Utanipa mkononi," akasema Mama Pacha, akavuka barabara mbele yake.

Nyumba ikanunuliwa. Mwezi wa kwanza wa mkopo ulipokwisha, fundi akarudi na bahasha, akaiweka mezani mbele ya mkewe, akijaribu kutabasamu. Mama Pacha akazihesabu zile noti moja moja. Kisha akatoa kwenye mkoba kitabu kipya cha risiti, kile cha karatasi na nakala yake, akaandika bila haraka, akachana, akampa. Jina la fundi lilikuwa limeandikwa kamili, kama la mgeni. Mahali pa kueleza fedha ni za nini, aliandika: kodi ya nyumba. Fundi akataka kucheka, akamwangalia usoni, akaona hapana mzaha hata chembe.

"Itunze," akasema Mama Pacha. "Siku utakayotaka jina lako liandikwe kwenye nyumba hii, nitakuomba unionyeshe zote."