Pikipiki ya Kusukumwa

Mtaani walimwita Upepo, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye kibanda chake kando ya barabara, mageti na madirisha yameegemezwa nje kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Lakini jina hakulipata kwa mageti. Mageti yake yalichelewa kama mvua ya kuombewa. Jina alilipata kwa pikipiki yake nyekundu, aliyoipenyeza katikati ya magari huku kofia ngumu ameivaa kwenye kiwiko, na kuku wa mtaa ule walishaujua mlio wake, wakaanza kutawanyika kabla hajatokeza konani.

Dada yake mkubwa alikuwa muuguzi katika wodi ya mifupa. Huko ndiko walikoletwa vijana wa aina ya mdogo wake, miguu imening'inizwa kwa kamba, wakiapa kwamba kosa lilikuwa la lori. Kwa hiyo alipiga marufuku nyumbani kwake: binti yake hapandi pikipiki ya mtu yeyote, na ya mjomba wake ndiyo kabisa.

Binti mwenyewe alikuwa bado yuko chekechea, lakini walimwita Bi Mkubwa, kwa sababu aliongea kama mtu mwenye wajukuu.

Basi siku moja mchana Upepo alikuwa amechuchumaa mbele ya geti la mstaafu mmoja, brashi mkononi, simu ikalia. Alikuwa dada.

"Mdogo wangu, gari la shule limeharibika, na mimi huku siwezi kutoka, tumejaa. Nenda kanichukulie Bi Mkubwa."

"Hakuna shida, dada. Naruka sasa hivi."

"Huruki. Unakwenda kwa miguu. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Hebu sema."

"Kwa miguu," alisema Upepo, kama mtoto anayekariri.

Na kusema kweli alikusudia kutii. Aliweka brashi ndani ya kopo, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akaanza kwenda. Kisha akaligeukia lile geti. Mstaafu alikuwa anakuja kulichukua jioni ile ile. Wiki nzima alikuwa akiambiwa kwenye simu kwamba rangi inakaukakauka, ilhali kopo lenyewe lilikuwa limefunguliwa asubuhi hiyo. Bado upande mmoja ulikuwa haujaguswa. Kwenda shule kwa miguu na kurudi na mtoto anayesimama kuchunguza kila mdudu, jua lingezama geti likiwa nusu zebra. Akaitazama pikipiki yake. Akajiambia kwamba miguu itatumika vilevile, maana bila mguu gia haziingii. Akamwomba fundi viatu wa jirani amwangalizie kibanda, akawasha, akaondoka.

Shuleni wazazi na walezi walikuwa wamejaa getini. Upepo aliingia kwa madaha yake, akazima mashine kwa mbwembwe, vumbi likamfunika mlinzi.

"Nimemfuata mpwa wangu," alimwambia mwalimu.

Mwalimu alimtazama kuanzia rangi ya nyweleni hadi kandambili za miguuni, akamwita mtoto. "Unamfahamu huyu?"

Bi Mkubwa alitokea na begi lililokuwa kubwa kuliko mgongo wake. Alimwangalia Upepo bila haraka yoyote.

"Ni mjomba wangu," alisema. "Mdogo wake mama. Hasikii."

Wazazi wakacheka. Upepo naye akacheka kinafiki, akamshika mtoto mkono, akampeleka kwenye pikipiki, akamnyanyua na kumkalisha kwenye kiti.

"Haya, shikilia ovaroli ya mjomba, twende zetu."

Bi Mkubwa hakushika kitu. Alinyoosha miguu yake yote miwili kuelekea chini, akainyoosha mpaka soksi zikavutika, kisha akainama kuangalia. Kati ya viatu vyake na vyuma vya kukanyagia palikuwa na nafasi ya paka kupita.

"Haifiki," alisema.

"Nini hakifiki?"

"Miguu. Mama anasema miguu isipofika, mtoto hapandi. Nishushe."

"Ni hapo tu, mama. Mwendo wa kupepesa macho."

"Mama anasema wote walioko wodini walikuwa wanakwenda hapo tu."

Mlinzi, ambaye bado alikuwa anajipangusa vumbi, alisogea karibu ili asikose neno. Akina mama wawili waliokuwa wameshaanza kuondoka wakaona hakuna haraka ya kuondoka.

Upepo akapunguza sauti. "Basi njoo ukae mbele yangu, hapa kwenye tangi. Mjomba atakukumbatia."

"Hapana. Ukigonga kitu, mimi nitakuwa mto wako."

"Nani kasema nitagonga?"

"Na mbona kofia umeivaa kwenye kiwiko? Kwani akili zako ziko huko?"

Mlinzi alishindwa kujizuia. Alishika nguzo ya geti akacheka mpaka kofia yake yeye ikaanguka. "Mjibu mtoto, fundi!" alisema. "Sote tunasubiri."

Upepo alihisi masikio yanawaka. Mtu aliyekuwa akiyapita malori pande zote mbili sasa alikuwa amekwamishwa na soksi. Kuiacha pikipiki hapo na kutembea hakuweza, maana angerudi kuichukua saa ngapi? Kumbeba mtoto kwa nguvu nako kulikuwa aibu, na habari ingefika wodini kabla yake. Akajikuna kidevu.

"Je, kama haijawashwa?" aliuliza. "Wewe ukae, mimi nisukume. Taratibu kama mkokoteni."

Bi Mkubwa alilipima jambo hilo. "Mama hakusema kuhusu kusukuma," alikiri. "Lakini kofia navaa mimi. Na ufunguo nashika mimi."

"Ufunguo wa nini tena?"

"Nakujua, mjomba."

Ufunguo ukaingia kwenye mfuko wa sare, kifungo kikafungwa. Kofia ikavishwa, ikamshukia mpaka kidevuni, kichwa chake kikawa kama kijiko kilichosahauliwa ndani ya sufuria. "Twende," ilisema sauti kutoka ndani. Na Upepo, mbele ya wazazi wote wa chekechea ile, akainama kwenye usukani akaanza kusukuma.

Alikuwa hajawahi kujua kwamba pikipiki yake ni nzito. Siku zote ilikuwa inambeba yeye. Hakujua pia kwamba njia ile ina mlima, kwa sababu akiwa amewasha ulikuwa haumfikii akilini. Kufika katikati ya mlima jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kandambili, zikaanza kuteleza na kupiga kelele kama bata. Bi Mkubwa alikuwa ameinua kofia kwa vidole viwili, anasalimia watu. Muuza mkaa akasalimiwa, mshona nguo akasalimiwa, mbuzi naye akasalimiwa.

Juu ya mlima palikuwa na kijiwe cha bodaboda. Upepo aliwaona kutoka mbali, wamelala juu ya pikipiki zao, na akaomba moyoni wawe wamesinzia. Hawakuwa wamesinzia.

"Jamaani! Upepo leo umetulia!" mmoja alipiga kelele.

"Hata jani halitikisiki!" akaitikia mwingine.

"Petroli imeisha, kaka? Sema tukuchangie kikombe!"

"Haijaisha!" sauti ilitoka ndani ya kofia. "Miguu yangu ndiyo haijafika!"

Walishindwa kuielewa, na kwa kutoielewa wakacheka zaidi. Wakati huo huo simu ikaanza kulia mfukoni mwa ovaroli. Upepo mikono yote miwili ilikuwa imekamata usukani.

"Bi Mkubwa, ichukue, nani huyo?"

Mtoto alijiinamia, akaichomoa, akabonyeza kama mtu aliyezaliwa nayo. "Haloo. Shikamoo. Mimi ni Bi Mkubwa... Mjomba yupo, ila anasukuma pikipiki." Akasikiliza. "Mjomba, ni babu wa geti. Anauliza rangi imekauka?"

"Mwambie imekauka, bado kidogo tu."

"Anasema imekauka, bado kidogo tu." Akasikiliza tena. "Anauliza kidogo kiasi gani?"

Upepo alimkonyeza, akatikisa kichwa, akafanya kila ishara ambayo mtu asiye na mikono anaweza kufanya.

"Sijui, babu," alisema Bi Mkubwa. "Anakonyeza. Na mikononi ana rangi mbichi."

Upande wa pili palikuwa na maneno mengi. Mtoto aliyasikiliza kwa adabu, akasema ahsante, akarudisha simu mfukoni.

"Amesema nini?"

"Amesema atakuja kesho, na anakuja na kiti, atakaa hapo hapo mpaka umalize."

Upepo alitaka kukasirika, lakini ghafla akahisi mzigo umemtoka mabegani: geti halikuwa na haraka tena. Na kwa kuwa mlima ulikuwa umekwisha na mbele ni mteremko mzuri ulionyooka, akili yake ya zamani ikamrudia.

"Mpwa wangu, hapa hata kusukuma si lazima. Na mimi nikae nyuma yako, ishuke yenyewe. Haijawaka."

Bi Mkubwa aliinua kofia. "Breki zinafanya kazi?"

Hapo Upepo akaangalia pembeni. Breki ya nyuma ilikuwa imelegea tangu zamani. Ya mbele ilifanya kazi ikipenda. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaizoea, alikuwa anasimama kwa miguu, kwa bahati, na kwa watu kumpisha. Alifungua mdomo aseme ndiyo, akautazama uso ule mdogo uliokuwa unamsubiri, ndiyo ikakataa kutoka.

"Zinafanya... kidogo," alisema.

"Kama rangi ya geti?"

"Kama rangi ya geti," alikiri, na moyo ukamshtuka, kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa amelisema jambo hilo kwa sauti. "Hatukai. Tutateremka kwa miguu, mimi nitaishikilia."

Lakini pikipiki nayo ilikuwa imeona mteremko. Ilipoinamisha pua ikaanza kumvuta. Upepo akabana breki ya mbele, na siku hiyo haikupenda. Akawa anatembea haraka, kisha anakimbia, kandambili moja ikabaki nyuma, ya pili ikaifuata. Aling'ang'ania usukani kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamkumbatia mtoto kiunoni, anapiga kelele, "Pisha! Pisha jamani, haina breki!" Na yeye ambaye kuku walikuwa wanamkimbia, leo alikuwa anakimbizana na pikipiki yake mwenyewe, miguu peku, mbele ya mtaa mzima. Mbele aliona rundo la mchanga wa watu waliokuwa wanajenga ukuta. Akausokota usukani kwa nguvu zake zote. Gurudumu likazama, pikipiki ikajibwaga ubavuni kama ng'ombe aliyechoka, na Upepo akatua chali katikati ya mchanga, mtoto juu ya tumbo lake.

Mchanga ukatulia. Kisha kutoka ndani ya kofia:

"Tena!"

Upepo alimvua kofia, akamkagua mikono, magoti, meno, kimoja kimoja. Hata mkwaruzo hakuwa nao. Akaanza kumkagua upya.

"Mjomba, unalia?"

"Mchanga," alisema Upepo. "Umeingia machoni."

Hapo ndipo bodaboda moja ilipokuja kwa kasi kutoka upande wa hospitali na kusimama ghafla mbele yao. Juu yake, amekaa upande kama mzigo wa kuni, sare ya uuguzi inapepea, kichwa wazi, alikuwa dada. Wenzake walimruhusu kutoka mapema, na mtu mmoja mwenye simu na mdomo alikuwa ameshampa taarifa kwamba mdogo wake kaonekana shuleni na pikipiki.

"Nilikwambia kwa miguu!" alianza hata kabla hajashuka. "Kwa miguu nilisema!"

"Nimekuja kwa miguu!" alijibu Upepo kutoka mchangani. "Angalia hata viatu sina! Muulize mwanao kama imewaka!"

"Haijawaka, mama," alisema Bi Mkubwa. "Ufunguo ninao mimi." Alisimama, akajikung'uta sketi, akasogea mpaka kwenye ile bodaboda. Akamwangalia mama yake juu, akamwangalia chini.

"Mama, kofia yako iko wapi?"

Dada alijipapasa kichwa.

"Na mbona umekaa upande? Wewe si miguu yako inafika?"

"Nilikuwa na haraka, mwanangu."

"Hata mimi," alisema Upepo kwa upole.

Dereva wa bodaboda aliona mambo yanamwelekea, akaanza kurudi nyuma kidogo kidogo.

"Na wewe, kaka," Bi Mkubwa alimgeukia, "kofia yako?"

"Imebaki nyumbani, mama," alisema dereva, na akazima mashine mwenyewe bila kuambiwa.

Dada alishuka. Alitaka kuendelea kugomba, ilionekana kabisa, maneno alikuwa nayo tayari. Lakini alipomtazama mdogo wake, mchanga mpaka kwenye nyusi, miguu peku, amekumbatia kofia tupu, kicheko kikampitia puani. Akajaribu kukizuia, kikamshinda, akakaa naye pale mchangani na sare yake nyeupe.

"Ila breki, dada," alisema Upepo baadaye, walipokwisha kucheka. "Sikujua ni mbovu hivi. Au nilijua."

"Ulijua," alisema dada.

Walitembea wote kwenda nyumbani, Bi Mkubwa katikati, na dereva wa bodaboda akawasaidia kuisukuma ile nyekundu mpaka kibandani. Geti lilikwisha kesho yake, mstaafu akiwa amekaa kwenye kiti chake anahesabu mipigo ya brashi. Breki zikatengenezwa wiki hiyo hiyo, zote mbili, na Upepo akaenda kumchukua mpwa wake kwa miguu kila alipoombwa, akizoea taratibu kujua majina ya watu aliokuwa akiwapita miaka yote.

Jumamosi moja dada alimwomba ampeleke sokoni. Akaja na kofia yake, akapanda mguu huku mguu huku, akashika. Bi Mkubwa alitoka mlangoni, akawazunguka, akavuta mikanda ya kofia zote mbili, akabonyeza breki, akasema sawa, nendeni.

Walikwenda polepole kiasi kwamba muuza mikate mwenye baiskeli, amebeba kreti nyuma, aliwapita huku akiwapungia mkono.

"Punguza mwendo," alisema dada.

Na Upepo akapunguza.