Zenon Ajifunza Kudandia Treni

Zenon wa kijiji cha Pito alikuwa hajaona treni hata siku moja, lakini masika ile ungemuuliza habari zake angekueleza mpaka ugali upoe. Kamaliza darasa la nane, kapata nafasi ya kusomea ualimu Tabora, na sharti lilikuwa moja tu: asiyefika Jumatatu, nafasi yake anapewa mwingine. Kutoka Sumbawanga unapanda lori mpaka Mpanda, ndiko reli ilikoishia. Ukiikosa treni ya Jumamosi, rudi ukalime ulezi.

Mtaalamu wake wa treni alikuwa Bashiri, mtoto wa mwenye lori, aliyewahi kuipanda mara moja kwenye kituo kidogo huko porini.

"Treni si lori la mzee wangu, useme ngoja nimuage shangazi," Bashiri alimwambia wamekaa barazani pa duka. "Inapunguza mwendo, inapumua mara mbili, imeondoka. Mimi nimeingia, kiatu changu kimoja kiko kule mpaka leo."

"Sasa dawa yake nini?"

"Miguu."

Basi Zenon akaenda kutafuta miguu. Kila jioni lori la kina Bashiri lilipokuwa linarudi mjini na mahindi, likipanda mwinuko wa Pito kwa kuguna, yeye yuko pembeni na sanduku lake la bati. Anakimbia, anatupia sanduku, anashika ubao wa nyuma, anaruka. Siku ya kwanza alikula tope, watoto wa Pito wakapata cha kuhadithia. Akaona kosa liko kwenye sanduku, linamvuta upande. Akalifunga kamba mbili, akalibeba mgongoni kama mama anavyombeba mtoto. Kuanzia hapo akawa anaruka kama panzi.

Dereva, Bwana Mwinjuma, alitoa kichwa nje. "We Zenon, ukifa nimwambie nini bibi yako?"

"Mwambie nilikuwa kwenye masomo."

Bibi mwenyewe, Cornelia, hakuwa na habari na kuruka. Alimfungia pamba za njiani, yaani karanga za kukaanga na samaki wakavu, halafu akamkalisha chini.

"Ukifika huko, msalimu kwanza mwenye treni. Uchuchumae, upige makofi. Sisi hatupandi chombo cha mtu kama wezi."

"Bibi, treni haina nafasi ya salamu."

"Basi haina adabu. Wewe unayo."

Ijumaa lori likaondoka, na mvua nayo ikaondoka nalo. Walipoipita Chala, kwenye kilima kimoja cha udongo mwekundu, magurudumu yakazama. Wanaume wakashuka, mizigo yao ikashushwa ili lori liwe jepesi, wazee na akina mama wakabaki juu. Wakasukuma mpaka mashati yakabadilika rangi.

Mwinjuma akashuka, akaangalia mawingu, akarudi na uso wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Jamani, nasema kabisa tusilaumiane. Likinasuka hapa sisimami. Mbele kuna mto, na mto unajaa. Atakayedandia ni wangu, atakayebaki arudi Chala angoje lori la wiki ijayo."

Vijana wakaanza kunung'unika. Zenon hakunung'unika. Alikuwa anakaza kamba za sanduku mgongoni. Wiki ijayo Tabora kutakuwa na mtu mwingine kwenye kitanda chake, hilo alilijua, lakini mwinuko ule aliutazama akauona mdogo kuliko wa Pito.

Wakasukuma tena. Lori likaguna, likatikisika, likachomoka. Wengine wakadandia kwa taabu, wawili wakaenda chini kifudifudi. Zenon akakimbia pembeni kwenye majani, si katikati kwenye utelezi, akashika ubao, akaruka. Alipotua, akageuka, akafungua kamba moja, akaitupa nyuma. Mmoja wa wale wawili akaidaka, akavutwa ndani kama ng'ombe mbishi. Yule mwingine alibaki barabarani na sanduku lake mwenyewe, akapunga mkono.

"Huyu kafundishwa wapi?" akauliza mama mmoja wa Kaoze aliyekuwa amekalia gunia.

"Pito, mama. Nilikuwa najiandaa na treni."

Mto waliuvuka maji yakigonga milango. Jumamosi asubuhi Mpanda hiyo. Zenon akafika stesheni, akavua viatu akavining'iniza shingoni visije vikamkimbia kama cha Bashiri, akakaza kamba. Palikuwa na mzee mmoja anapaka mafuta magurudumu.

"Mzee, treni inapita saa ngapi?"

"Ipi?"

"Ya Tabora."

Mzee akapiga behewa kofi nyuma yake. "Ndiyo hii. Imelala hapa tangu jana. Itaondoka jioni, kama haina uvivu."

Zenon akatazama. Madirishani watu wamelala midomo wazi. Mtu mmoja ananyoa ndevu. Kuku yuko mlangoni anadonoa. Na reli, kweli, ilikuwa imeishia pale pale, mbele yake majani tu. Akacheka mpaka sanduku likalia mgongoni.

Halafu akalishusha chini, akachuchumaa, akapiga makofi polepole kama kwao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mfipa wewe." Mzee akafuta mikono kwenye tambara. "Kaa upande huu, jua la jioni halitakupiga."

Zenon akavaa viatu, akamwachia samaki wawili, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu aliyezaliwa stesheni.