Kiti cha Kushoto

Eda ya Bi Mwatum ilikwisha, lakini mwenyewe hakutoka. Alikoga, akabadili nguo, akasali, kisha akarudi pale pale ukumbini, nyumbani kwake Kiembe Samaki, kama mtu aliyeambiwa asubiri na aliyemwambia keshakwenda zake.

Binti yake Rawiya kajifungua Kigali, uzazi wa kwanza, na hana wa kumkanda. Kila siku simu: "Mama, unakuja?" Bi Mwatum hujibu, "Inshaallah," na moyo wake usiseme kitu. Hata machozi yalimkauka tangu walipomzika mumewe, Ubwa.

Jioni ile mwanawe Hisham alikaa mkekani na simu yake, akisoma sheria za barabarani. Gari ya marehemu itavushwa kwa meli hadi Dar, kisha safari ya nchi kavu mpaka kwa Rawiya.

"Mkanda kote lazima. Ila sisi twapita kushoto, Rwanda wapita kulia. Ukishavuka mpaka tu, unahamia upande wa pili."

"Makubwa!" alisema mkewe, Mwanakheir. "Na usukani nao unahama?"

"Hauhami, ndiyo shida. Nikitaka kulipita lori, gari inayokuja siioni. Aonaye ni aliyekaa kushoto. Yeye ndiye aseme pita, au ngoja."

"Basi ntakaa mimi."

"Weye? Hatufiki Mazizini ushalala! Utanambia pita ndotoni?"

Mwanakheir akacheka. Bi Mwatum hakucheka, ila vidole vyake vilisimama juu ya tasbihi.

Kiti kile cha kushoto kilikuwa chake. Kila wakenda na mumewe Jambiani kwa nduguze, hukodoa macho njia nzima: "Ngoja, kuna gari. Haya, pita." Na Ubwa, aliyeona vizuri kuliko yeye, humjibu, "Naam, Bi Trafiki!" Hakuhitajiwa hata siku moja. Wala hakuacha.

"Hisham."

"Naam, mama."

"Huko kuna milima?"

"Mingi. Na kona."

"Mimi konani sikwambii pita. Utangoja."

Hisham na mkewe wakatazamana.

Bi Mwatum akajitanda kanga, akatoka nje. Akafungua mlango wa gari. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma. Akakivuta mbele mpaka pale alipozowea, akafunga mkanda. Alingoja huzuni imjie, haikuja. Furaha pia haikuja.

"Mwambie Rawiya nnakuja," alimwambia Hisham, aliyemfuata nje, kupitia dirishani, bila ya kugeuza shingo, macho yake mbele, kwenye ukuta wa jirani.