Treni ya Lipovik

Kaka yangu Krešo haamini Mungu, haamini madaktari, ila ratiba za treni za mtandaoni anaziamini kwa moyo wake wote. Jirani yetu Ruža alipotupigia simu kutoka kijijini kwetu Lipovik, Kroatia, kwamba baba hana siku nyingi, mimi nilisema twende na kombi. Kila Mkroatia wa Munich ana namba ya simu ya dereva wa kombi. Linakuchukua mlangoni kwako na kukushusha mlangoni kwa wazazi wako, pamoja na mashine ya kufulia uliyowanunulia.

"Kombi? Tukakae mpakani kutwa kama mbuzi wa mnadani?" alisema Krešo. "Tulia, dada. Treni itatufikisha kabla supu haijaiva."

"Kesho ni ile Jumapili ya Desemba. Kila mwaka siku hiyo ratiba za treni zinabadilika Ulaya nzima."

"Unanifundisha mimi?" Akafungua tovuti ya Wajerumani, ya Waaustria, na nyingine ya kulipia. Zote zilionyesha treni yetu ndogo ya Lipovik, ikifika saa tano asubuhi. "Haya, mashahidi watatu! Hata mahakamani ungefungwa."

"Si upige simu stesheni uulize?"

"Nani anapiga simu stesheni siku hizi?"

Kuuliza si ujinga, lakini kwa Krešo ni aibu. Nikampigia Ruža amwambie baba tunakuja na treni ya saa tano. Reli inapita nyuma ya bustani yetu, na tangu tuhamie Munich baba alikuwa akisimama kwenye miti yake ya plamu kutupungia tukiwasili. Ruža alisema baba amesikia, na ametabasamu.

Tuliposhuka treni kubwa kwenye stesheni ya njiapanda Jumapili asubuhi, tupande ile ndogo, theluji ilikuwa imefunika reli ya Lipovik, nyeupe, haina hata alama ya gurudumu. Kwenye kioo cha chumba cha kusubiria walikuwa wamebandika ratiba mpya. Treni ya Lipovik ilikuwa imefutwa kuanzia siku hiyo.

Krešo akasoma, akatazama simu. "Hapa inasema iko njiani. Haijachelewa."

"Njiani wapi, kaka? Nionyeshe!"

Akaanza kueleza taratibu. Tovuti zote tatu zinachota habari sehemu moja, na ratiba mpya ya kwetu haijafika huko. Na treni isipotoa habari zake, kompyuta inahesabu kwamba haina tatizo.

"Kumbe mashahidi wako wote walisimuliwa na mtu mmoja," nikamwambia, "tena mtu mwenyewe amelala." Nilimchukia siku ile, sifichi.

Teksi hakuna, na basi Jumapili halitembei. Saa tano ilishapita nilipompigia Ruža amweleze baba kwamba treni haipo, tunatafuta gari. Tulilopata ni la padri, naye alikuwa na misa nyingine kabla ya kututoa pale. Tukangoja kwenye baridi.

Garini Krešo akachungulia simu tena. "Imefika Lipovik," akasema. "Kwa wakati."

"Imefika na nani?" nikamuuliza.

Padri akawasha redio, akaizima.

Ruža alitupokea getini, na kwa jinsi alivyomkumbatia Krešo kwa nguvu nikajua tumechelewa, baba ameshafariki. Krešo akaingia kwa baba bila kuvua koti. Mimi nikabaki getini. Nikamuuliza Ruža kama baba alituulizia.

"Alitaka kitanda kisogezwe dirishani," alisema. "Ilipofika saa tano akaninyamazisha kwa mkono, nikaacha hata kukoroga supu. Tukasikiliza, mwanangu. Tukasikiliza wee, kimya. Halafu ukapiga simu. Nikamwambia baba yako, 'Stipan, watoto wako karibu, wanakuja na gari.'"

"Akasemaje?"

Ruža akajifuta macho kwa aproni.

"Akasema, 'Usinidanganye, Ruža. Kama wangekuja, treni ingesikika.' Akageukia ukutani."