Msiba wa Wiggert Mwana wa Harmen

Nahodha mmoja aliyepita karibu na gati la Hellum alipaza sauti kutoka melini kwamba Wiggert mwana wa Harmen amefariki safarini Mashariki, kisha akaenda zake na upepo. Hakusema ni yupi. Kijijini hapo wanaume watatu waliitwa hivyo, kila mmoja na Harmen wake, na wote walikuwa baharini.

Neeltje, mke wa mmoja wao, alimkamata Mzee Evert, mtangaza misiba. "Ni wangu au si wangu?"

"Hatujui, mama. Lakini majirani wana haki ya bia ya msiba, pipa zima kutoka nyumba ya marehemu, na marehemu ni mmoja. Hatuwezi kunywa mapipa matatu."

"Wewe huwezi?" akadakia Aafje, mke wa Wiggert wa pili.

"Naweza. Ila si haki."

Wake hao watatu wakapiga kura kwa majani makavu, nani atoe pipa. Neeltje akavuta jani fupi. Majirani wakaja na nguo nyeusi, wakamaliza pipa lake, wakampa pole. Hakulia. Hakujua kama ana wa kumlilia, na kila asubuhi alipanda tuta la ufukweni kutazama bahari.

Baridi ilipokwisha, Wiggert wote watatu wakashuka melini, wazima. Marehemu alikuwa wa kijiji kingine. Neeltje akamkimbilia mumewe, lakini Mzee Evert akajitia katikati.

"Taratibu, bibi. Huyu tumeshamnywea."

"Mzee, si unaniona nimesimama?" alilalamika Wiggert.

"Usibishane na msiba wako, kijana. Mjane akikutaka, mfunge ndoa upya. Na bia iwepo."

Neeltje alimtaka mumewe kuliko kushinda ubishi, akakubali. Jumapili kanisani mchungaji akatangaza: "Wiggert mwana wa Harmen anataka kuoa. Yupo mwenye pingamizi?"

"Mimi!" Aafje akainuka. "Huyo ana mke!"

"Ndiyo, mimi hapa!" akafoka mke wa tatu. "Mwezi haujaisha tangu arudi, tayari anaoa?"

Waume wao wakaanza kuapa kwamba hawaoi mtu. Mchungaji akaahirisha ndoa mpaka ijulikane nani ni nani.

Neeltje akamshika mumewe mkono, akamtoa nje.

"Sasa mimi ni hai au maiti?" Wiggert akauliza.

"Twende nyumbani ukale," alisema Neeltje. "Wao waendelee kuulizana."