Ermelinda na Vituko vya "Get"

Corrado alipopiga simu kutoka Glasgow, Uskoti, kusema kwamba anakuja kwao Lecce, Italia, na mpenzi wake Isla, pamoja na baba wa huyo binti, mama yake hakupoteza muda. Siku hiyohiyo Ermelinda, mshonaji mstaafu, alikwenda ukumbi wa parokia kujiandikisha darasa la Kiingereza. Hakutaka kukaa kama bubu kwenye meza yake mwenyewe.

Mwanzoni mambo yalimnyookea. Kisha likaja neno "get". Mwalimu wao, Tiziana, alisema maana yake ni kupata, na Ermelinda akafurahi. Somo lililofuata likawa kufika. Halafu kupanda gari. Halafu kuelewa. Halafu kuzeeka.

"Mwalimu, hebu tuelewane," alisema. "Sisi Waitaliano kila jambo lina neno lake. Hawa wenzetu wana ubahili gani?"

Darasa zima lilicheka, Tiziana mwenyewe akiwa wa kwanza.

Nyumbani, wifi yake Pasqualina, aliyekaa ghorofa ya chini, alikuwa akimvizia mlangoni.

"Haya, msomi! Leo neno lako limekuwa nani?"

"Leo limekuwa kuugua."

"Masikini! Basi kesho litakufa, tulizike tupumzike."

Jumapili wageni wakafika. Duncan, baba yake Isla, alikuwa dereva wa treni mstaafu aliyefiwa na mke. Mrefu, mwenye haya, asiyejua Kitaliano hata cha kuombea maji. Ermelinda akapakua tambi zake za orecchiette, alizozifinyanga mwenyewe kwa kidole gumba, na mchuzi wa nyanya juu. Pasqualina akatoa utani kuhusu padri na punda wake, Corrado akautafsiri. Duncan akatikisa kichwa.

"I don't get it," alisema kwa upole.

Ermelinda akashtuka. Mgeni anasema hapati! Akamwongezea upawa uliojaa. Corrado akaurudia utani, Duncan akarudia maneno yaleyale, na upawa mwingine ukashuka.

"Mama, unataka kumuua?"

"Si analalamika kwamba hapati?"

"Haelewi, mama! Haelewi utani wa shangazi!"

Meza ikapasuka kwa kicheko. Isla alipomweleza baba yake, Duncan alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, kisha akashika uma na kuumaliza mlima wote.

Hapo Corrado akasimama, glasi mkononi. Kwa heshima ya Duncan, alianza kwa Kiingereza.

"We're getting married."

"Wanapata nini?" Pasqualina akauliza.

Lakini Ermelinda alikuwa ameshainuka, kiti kimeanguka nyuma yake. "Wanaoana, wifi! Wanaoana!"

Akamkumbatia Isla, akamkumbatia mwanawe, kisha akamgeukia Duncan, aliyesimama hajui mikono aiweke wapi. Akamvuta masikio hadi akainama, akambusu mashavu yote mawili. Pasqualina akafungua dirisha, akautangazia mtaa mzima.

Majirani wakaja na mvinyo, na mmoja na dufu la kuchezea pizzica, ngoma ya kwao. Pasqualina akamkokota Duncan katikati ya ukumbi.

"Umenikanyaga, jitu wee!" alipiga kelele. "Umenikanyaga tena!"

Wala mkono wake hakuuachia.