Ikipigwa Hodi

Kliniki nzima ilimwita Dada Mazoezi. Watoto wenye ulemavu aliwanyoosha viungo. Mama zao akawanyoosha kwa maneno.

"Mtoto si nguo chafu, mnamficha nini? Mgeni akija, mkalishe sebuleni. Asiyempenda, mlango ule pale!"

Jumamosi moja, mmoja wa mama hao alimfuata nyumbani, amemshika mwanawe mkono, aje kumwonyesha hatua zake za kwanza.

"Hodi!"

Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni Kitinda, mdogo wake Dada Mazoezi, alikuwa akimenya viazi. Ni mwanamke mtu mzima, shingo haitulii, ulimi mzito, lakini maganda yake membamba mpaka unaona mwanga. Aliposikia hodi aliweka kisu, akachukua kikombe chake, akajikokota hadi chumba cha nyuma na kufunga mlango taratibu. Hakuambiwa. Alishazoea.

"Nani yule?" mgeni aliuliza.

"Ah, msaidizi tu. Ana haya," Dada Mazoezi alijibu akitokea jikoni.

"Msaidizi gani mmefanana mpaka pua!" Mgeni alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Alimtazama mwanawe. "Si wewe uliyetukataza, Dada?"

Hakungoja jibu. Mtoto aliondoka bila kuonyesha hata hatua moja.

"Mbea mkubwa!" Dada Mazoezi aliwaka peke yake. "Kunifuata mpaka kwangu!" Aligeuka, akazisonya hata sufuria. Kitinda mwenyewe anapenda kule nyuma, alijiambia. Watu wanamchosha. Alirudia, na kila aliporudia sauti ilipungua, kwa sababu alikumbuka siku posa yake ilipoletwa, alivyomsukuma mdogo wake begani: "Nenda ndani kidogo tu." Posa ilivunjika. Ile "kidogo tu" haikuisha.

Akakaa amenye kiazi kilichobaki. Akashindwa. Akaenda chumba cha nyuma. Siku zote alikuwa akiusukuma tu mlango ule. Leo alitaka kumpa mdogo wake heshima yake.

"Hodi, Kitinda."

Hakusikia "Karibu." Alisikia kitanda kikilia, kisha miguu ikiburuzwa haraka.

Alipofungua, chumba kilikuwa kitupu. Pale ukutani, chini ya magauni yaliyoning'inia, palitokeza miguu miwili, vidole vimekunjwa.

"Ni mimi, mdogo wangu. Toka."

Magauni yalitikisika.

"Mpaka mgeni aondoke," Kitinda alinong'ona.